Kaseba, mganga wetu aliyemtumikia pepo kwa siri

Tangu binti yake aliponipigia simu asubuhi, nimekaa tu. Akili imeelewa kwamba Kaseba amefariki, moyo unakataa.

Mnaonifuata hapa mmezoea kukosolewa nami. Leo niruhusuni nimsifu mtu.

Enzi za Zaire, Kaseba alikuwa muuguzi katika zahanati ya kampuni ya shaba hapa Lubumbashi. Watoto walikubali sindano yake bila kushikwa.

Jumapili, baada ya ibada, tulikusanyika uani kwake mtaani Katuba kucheza mchezo tulioachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao. Mimi nilisimulia habari za ufalme wa kubuni. Kila mwenzangu alikuwa na mhusika wake humo, na dadu za ludo ndizo zilizoamua nani ashinde.

Mhusika wa Kaseba alikuwa mganga. Aliyejeruhiwa vitani alimwendea, naye alimchorea alama ya makaa halisi kiganjani, jeraha la mchezoni likapona.

Mimi peke yangu nilijua siri aliyoniomba niitunze. Mganga yule alikuwa mtumishi wa pepo la shimoni, na kila aliyechorwa alama roho yake ilikuwa ya pepo. Alikusudia kujifunua siku ya arusi ya binti mfalme, amuue mfalme mbele ya wageni.

Nilimwambia hataweza, uso wake ni mwema mno. Akacheka. Akaweza mwaka mzima!

Jumapili moja Mado, jirani yake mshonaji aliyecheza nasi, alishuku jambo mchezoni, akasema kwa sauti kubwa kwamba kuna mtu kati yetu anayetaka kumwua mfalme. Mpita njia akasikia. Hakuuliza ni mfalme gani.

Mara mkuu wa Chama cha rais hapo mtaani alikuwa mlangoni pamoja na vijana wake.

Wakati ule mtu aliweza kuchukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, na mkewe asijue amepelekwa wapi. Nilieleza kwamba ni mchezo, naye hakuniamini.

"Nani hapa anataka kuua mufalme?"

Kaseba akasimama, akamwita "Raia" kwa Kifaransa, kama ilivyolazimika enzi zile. "Ni miye, Sitwayeni. Tangu mwanzo niko mutumishi wa pepo. Hawa bote sijabaambia."

Kisha Mado akasahau kabisa ni nani aliyesimama mlangoni.

"Weye, Kaseba? Mwaka muzima unatupaka makaa, na tunakuambia aksanti?"

Akamrushia dadu. Wengine wakaanza kuvikagua viganja vyao, kama watu walioambiwa wana ugonjwa.

Hasira ya namna ile haiigizwi. Mkuu akatutazama mmoja mmoja, akavuta kigoda, akaketi.

"Na mufalme," akamwuliza Kaseba, "yeye anajua?"

Siri aliyoilea mwaka mzima, Kaseba aliitoa kwa pumzi moja ili sisi turudi nyumbani kwetu. Arusi ile haikufika kamwe, wala hakuwahi kunilalamikia.

Mwezi uliopita nilimtembelea hospitalini. Alikuwa hana nguvu ya kukaa. Aliomba kalamu, akanishika mkono, akanichorea ile alama yake kiganjani, polepole, bila kukosea.

Msimulizi hajeruhiwi vitani, sikuwahi kuchorwa.

"Ulibakia weye tu," akasema.

Wino umekwisha kufutika. Pumzika salama, mganga wetu. Umetupata sote.