Jina la Mwisho Kwenye Makala

Idarani walimwita Mama Rudisha, kwa sababu makala zilizofika mezani kwake zilirudi kwa wenyewe kabla hawajamaliza kujipongeza. Jina hilo alilijua na halikumuudhi tena. Kuudhika nako kunataka nguvu, na nguvu zake ziliishia darasani. Kazi ya kuhariri jarida la idara alitupiwa zamani, katika mkutano ambao yeye alikuwa ametoka kidogo kwenda msalani. Aliporudi akapigiwa makofi. Tangu hapo wenzake waliandika na kupanda vyeo, naye akabaki kuwakumbusha wahakiki walioahidi kusoma makala "wiki hii hii" tangu mvua za mwaka jana.

Asubuhi ile alikuta ujumbe wa mkufunzi wa chuo cha wauguzi, mtu asiyemfahamu. Mkufunzi alikuwa amewapa wanafunzi wake makala moja ya jarida hilo, iliyolinganisha maji ya visima na ugonjwa wa kuhara kwa watoto wa vitongoji viwili, kimoja cha bondeni na kingine cha mlimani. Mwanafunzi mmoja akauliza mbona hesabu za watoto wa mlimani ni zile zile za bondeni, ila zimepangwa kutoka chini kwenda juu. "Samahani kwa usumbufu," mkufunzi aliandika. "Huenda ni makosa ya uchapaji."

Mama Rudisha alivaa miwani, akayalaza majedwali mawili mezani, akafuata namba kwa vidole viwili, kimoja kikishuka na kingine kikipanda. Vidole vilisomana hadi mwisho. Makosa ya uchapaji hayana akili namna hiyo. Wahakiki wawili walikuwa wameipitisha makala ile, na yeye mwenyewe, Mama Rudisha mwenye sifa zake, aliipitisha pia. Aliona aibu, kisha akachoka hata na hiyo aibu.

Waandishi walikuwa wawili. Wa kwanza ni mhadhiri kijana ambaye wenzake walimwita Chapchap, kwa kuwa aliandika makala kama mtu anayekaanga mayai. Wa pili ni Mwalimu.

Hapa lazima niseme jambo moja, maana ndilo lililoleta balaa. Idara ile ilikuwa na mtindo wa "kumpa Mwalimu kiti." Makala yoyote ikikamilika, jina la profesa mkongwe aliyewafundisha karibu wote liliwekwa mwisho kwenye orodha ya waandishi, awe ameshiriki au hajui hata inahusu nini. Ilikuwa heshima tu. Ukimkuta kwenye korido ukampa kalamu, anatia sahihi huku anakuuliza habari za watoto. Mzee alikuwa hasomi tena, alikuwa anabariki. Na nyuma ya kila toleo la jarida hilo hilo, kwa maneno aliyoyaandika Mama Rudisha mwenyewe, ilisemwa wazi kwamba mwandishi ni yule aliyefanya kazi na anayeweza kuijibia. Maneno hayo yalichapwa, yakanyamaziwa.

Alimwita Chapchap ofisini. Kijana aliyatazama majedwali.

"Dada, barabara ya mlimani ilikatika. Na muda wa kuomba cheo ulikuwa unaisha. Ningefanyaje?"

"Ukafanya nini?"

"Nikakadiria."

"Mdogo wangu, kukadiria gani huko? Umewaumwisha watoto ambao hujawahi kuwaona!"

Chapchap aliinama. Kisha akasema polepole, bila ujeuri, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mhariri: "Lakini dada, mle ndani kuna jina la Mwalimu. Ukiiondoa ile makala, yeye utamweka wapi?"

Swali hilo alilibeba hadi ghorofa ya chini. Mwalimu alikuwa anastaafu mwisho wa muhula, na chumba cha kusomea kilikuwa kinapakwa rangi ili kipewe jina lake. Fundi alishapima ubao wa mlangoni. Mwalimu huyu ndiye aliyemfundisha kusoma jedwali, akamtetea alipojifungua katikati ya masomo na wakuu wakataka kumtoa. Baba yake mzazi hakumfanyia nusu ya hayo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Yameshanifikia." Mzee hakumwambia akae. "Dawa yake ndogo. Toa jina langu, umwache kijana abebe mzigo wake."

"Siwezi, Mwalimu. Jina liliingia kwa sahihi yako. Nikilitoa kimyakimya leo, nitakuwa nimewadanganya wasomaji mara ya pili."

"Lakini mimi nina kosa gani?" Sauti ya mzee ilipanda. "Hata kuisoma sijaisoma hiyo makala!"

Alipolisema akalisikia. Wote wawili walitazama pembeni. Rangi mbichi ya chumba cha jirani ilinuka hadi mle ndani.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kushika kalamu," Mwalimu alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu."

Aliaga, na hakuitikiwa.

Nyumbani, mumewe, fundi wa majokofu, alimsikiliza huku akifuta grisi kwenye kucha. "Mama watoto, si uachane nayo tu? Kwani majarida yenu anayasoma nani?"

"Wauguzi."

Mume aliacha kufuta kucha. Akamsogezea sahani, akasema, "Basi kula kwanza."

Alikula kidogo. Aliandika tangazo fupi: makala inaondolewa, hesabu za kitongoji cha mlimani hazikukusanywa, chini yake majina yote mawili kama yalivyokuwa. Akaongeza kwamba mhariri naye alipitiwa. Akalituma kwa waandishi walione kabla halijatoka, ndivyo utaratibu ulivyo. Chapchap alijibu neno moja: "Sawa." Mwalimu hakujibu. Walipopishana kwenye ngazi, mzee alijifanya anatafuta funguo. Mama Rudisha alikwenda darasani akafundisha vibaya, na alijua kwamba anafundisha vibaya. Mara mbili alifungua lile tangazo akaweka kidole juu ya jina la pili, aone lingekaaje bila hilo. Lingekaa vizuri tu. Akaondoa kidole.

Siku ya kulitoa, mlango uligongwa. Mwalimu aliingia akihema kwa sababu ya ngazi, mkononi ana makala ile imechapwa kwenye karatasi. Akaiweka mezani. Ilikuwa imejaa wino mwekundu kila upande. Kwenye jedwali la pili alikuwa amezungusha duara na kuandika kwa ule mwandiko wake ulioegemea kushoto: *Hii umeipata wapi?* Mama Rudisha aliyajua maneno hayo. Ndiyo yaliyomliza alipokuwa mwanafunzi.

"Nimeisoma," Mwalimu alisema. "Chai yangu ilikuwa haijapoa, nikawa nimeshaliona kosa." Akaketi bila kukaribishwa. "Chai haijapoa, mwanangu! Toa tangazo lako. Jina libaki pale pale. Na yule fundi wa ubao mwambieni asubiri kwanza."

Mama Rudisha aliigeukia kompyuta. Akabonyeza, tangazo likaenda. Hakuna aliyejisikia nafuu.

Mzee hakuondoka. Alikuwa akilitazama kabati la vioo nyuma ya mhariri, yalikopangwa matoleo ya zamani.

"Na zile zako," akauliza, "zenye jina langu. Nilizisoma?"

Uongo ulikuwa karibu, na ungekuwa wa huruma.

"Ya kwanza uliisoma, Mwalimu. Ilirudi nyekundu tupu."

"Na zilizofuata?"

Alitikisa kichwa.

Mwalimu alitoa kalamu yake mfukoni, akaifungua kifuniko. "Zilete."

"Zote?"

"Zote. Sasa hivi muda ninao."

Mama Rudisha aliinuka akafungua kabati. Alizitoa moja baada ya nyingine, taratibu, akijaribu kukumbuka ni ipi kati ya hizo aliyoiandika akiwa amechoka.