Nimemdanganya jirani kwa sababu ya mochi

Jamani, leo nimemdanganya bibi wa watu mchana kweupe.

Ni jirani yangu wa chini hapa ughaibuni, Croydon, mzee wa Kijapani. Kaniletea sahani ya mochi, vile vikeki vyao vya mchele wa kunata, ndani maharage matamu. (Siyo zile za aiskrimu za supamaketi. Hizi kazikanda mwenyewe.)

Akanionya: "Usile peke yako, zinakwama kooni. Una mtu ndani?"

Nikasema ninaye.

Sina. Tangu mwanangu ahamie mbali, Edmonton, naongea na birika.

Nikakaa naitazama ile sahani. Kwetu chakula cha jirani hakitupwi, wala sahani hairudi tupu. Nikaweka vitumbua vyangu kando ya mochi zake, nikateremka.

"Samahani, nilikudanganya. Sina mtu."

Akafungua mlango wote.

Mezani kwake palikuwa na mochi moja, imekatwa vipande vidogo kama vya mtoto. Hajaigusa.

"Na mimi sina," akasema.

Miaka sita tunapishana kwenye ngazi. Leo tumekula tukitazamana koo.

Nyie mmekula na nani?