Godoro Lisilo na Bonde

Usiku ule nililala mapema, kama kawaida yangu. Mtaani wanasema mimi hata nikifa watachelewa kujua, maana sitabadilisha mkao. Ndiyo sababu walinichagua kwenye kamati ya kukagua nyumba ya hifadhi ya jiji, wanakolala askari wastaafu wasio na kwao. "Huyu yupo nyumbani muda wote, nafasi anayo," walisema, na mkutano mzima ukacheka.

Wazee wale walikuwa wamelalamika kwamba wanalazwa kwenye saruji. Msimamizi akajibu kuwa ni uzee tu unawachanganya. Basi kamati tulikwenda juzi, kwa miadi, tukaoneshwa vitanda, tukala pilau, tukatoka. Asubuhi nilitakiwa nisimame mbele ya madiwani niseme tumeridhika. Nikishasema hivyo, hakuna atakayerudi pale kukagua mpaka mwakani, na masika ndiyo hayo yameanza.

Nikasikia mlango. Aliingia Mjomba Hamisi na kaptura yake ya kaki, imenyooshwa pasi. Alikuwa koplo. Ndiye aliyenilea, na alifariki nikiwa kidato cha pili. Enzi hizo kila asubuhi alinikagua kitanda kama vile tuko kambini. Hakunisalimu.

"Simama kando ya kitanda, kuruta."

Nilisimama na shuka kiunoni. Akapitisha kiganja juu ya godoro langu, kikazama katikati, kwenye bonde ambalo mwili wangu umelichimba miaka yote hii. Mke wangu hunitania kwamba ng'ombe angeweza kunywea maji humo.

"Hili linalaliwa," akasema Mjomba. "Tena kupita kiasi."

Nataka kujitetea, lakini kitanda kimekuwa vitanda vingi, na chumba changu ni lile bweni la nyumba ya hifadhi. Wazee wamesimama, kila mmoja kando ya kitanda chake, mikono imenyooka. Wa mbele ni Mzee Kombo, yule mwenye jicho moja aliyenipakulia pilau. Mjomba anapita akipapasa. Godoro la kwanza, tambarare. La pili, tambarare. Nailoni ya dukani, ambayo bado haijavuliwa, inalia chini ya kiganja chake. Wala hakasiriki, anafanya kazi tu.

"Kombo, unalala wapi?"

"Chini, afande. Haya yanakuja na wageni, yanaondoka na wageni."

Mjomba ananigeukia. "Na wewe juzi mkono wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa na sahani, Mjomba."

Wazee wanacheka. Hata yeye midomo inamchezacheza, kisha anaituliza.

"Rudi wageni wakishaondoka. Na usimpe mtu taarifa kwamba unakuja."

Niliamka. Kulikuwa kunapambazuka, mvua inapiga bati, na kiganja changu kimelala bondeni. Hapo ndipo nikakumbuka: juzi nilikula pilau ile nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha Mzee Kombo. Nailoni ilinililia chini ya makalio muda wote, nami nikasema moyoni, watu hawa wanatunza vitu.

Nikaanza kutafuta viatu. Mke wangu akainua kichwa.

"Baba Zuhura, unaumwa?"

"Mzima."

"Sasa unakwenda wapi na mvua hii? Kikao si saa nne?"

"Nakwenda kuwaona wazee kabla hawajaamka."

Akakaa kitandani. Usingizi ulikuwa umemtoka. "Na ukiwakuta chini?"

"Nawapitia madiwani wote majumbani. Twende wakaone kwanza, chai watakunywa baadaye. Kuridhika nitaridhika siku nyingine."

Alinitazama nikihangaika na kamba za viatu, mtu ambaye hata sokoni hutumwa kwa kubembelezwa. Nikadhani atacheka. Badala yake akanirushia koti, akajisogeza mahali pangu, akajifunika.

"Nenda basi, na usiharakishe," alisema. "Bonde lako nitalilinda."