Ukuta wa Chumba cha Zamda

Watu wa Ng'ambo, hapa Tabora, wana maneno! Eti Shaban fundi meno hakuoa kwa ubahili. Ubahili gani, jamani? Wanaosema hivyo hawajui habari ya ule ukuta.

Chumba cha Shaban kilipakana na cha Zamda tangu wakiwa watoto, ukuta mmoja wa udongo katikati. Na Zamda alikuwa anakoroma. Msichana mwembamba vile, lakini akilala, tobaa, utadhani wanapasua mbao! Wenzake walimtania kisimani. Shaban hakumtania, yeye bila ule mkoromo usingizi haukumjia. Alimpenda, basi, ila ulimi mzito. Alipojikaza kumtuma mjomba wake akapose, Lukumani wa reli alikwishatoa mahari. Zamda akapanda garimoshi kwenda Tura, na Shaban akaanza kukesha.

Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, Zamda alirudishwa kwao. Nyumba za reli kule Tura zimebanana, majirani walikuwa wanacheka, Lukumani akaona aibu. Akamwambia mkewe aende akatibiwe. Idi ikifika bado anakoroma, atampa talaka. Mtoto wao, Maua, akabaki na baba yake. Zamda akisikia mtoto wa jirani analia tu, naye machozi yanamtoka.

Lakini Shaban, Mungu amsamehe, alifurahi. Usiku ule mkoromo ulipopenya ukutani, alilala fofofo mpaka jua likamkuta kitandani.

Daktari Bernardo, mkubwa wake wa kazi pale hospitali, ndiye aliyejua la kufanya: kifaa cha kuvaa mdomoni wakati wa kulala, kinachoshika meno ya juu na ya chini na kulisogeza taya la chini mbele kidogo, ili koo lisizibe. Kukitengeneza ilikuwa kazi ya Shaban, maana ndiye aliyetengeneza meno ya bandia. Nta ya kupimia ilikuwa haipatikani, akatumia nta ya nyuki. Aliipasha moto, akamwambia Zamda aing'ate taratibu, taya mbele.

"Kaka Shaban," Zamda alisema alipoitoa mdomoni, "nitengenezee kama unavyomtengenezea dada yako. Mwanangu atanisahau mie."

Dada! Neno hilo lilimchoma Shaban, lakini akaitikia.

Siku ya kumalizia kazi alibaki peke yake, tupa mkononi. Angekwangua kidogo tu pale panaposhika meno, kifaa kingelegea, taya lingerudi nyuma, na Idi ilikuwa mlangoni. Daktari asingegundua. Lukumani angeandika talaka, Zamda angebaki nyuma ya ukuta ule ule, na safari hii mjomba asingechelewa. Aliyawaza hayo yote, wala simtetei. Tena tupa aliigusisha! Kisha akamkumbuka yule mtoto kule Tura, akaiweka chini. Akaking'arisha kifaa mpaka kikawa hakina hata ncha ya kumkwaruza ulimi.

Zamda alikijaribu hospitali, kikakaa sawasawa. Usiku akakivaa kulala.

Asubuhi alimgongea Shaban mlango, hata uso hajanawa.

"Kaka, umenisikia usiku?"

Shaban alikuwa amekesha, sikio ukutani.

"Sikusikia kitu."

Zamda akapiga vigelegele, akamwita mama yake aje asikie mwenyewe. Akacheka, akalia. Shaban naye machozi yakamtoka, akashindwa kuyazuia.

"Mama, muone kaka Shaban anavyonifurahia!" Zamda alisema.

Akaondoka na garimoshi kabla ya Idi. Shaban alimwagiza kitu kimoja tu: kifaa kikilegea, arudi Tabora amkazie. Basi kila garimoshi la Tura lilipoingia, alikuwa akichungulia mlango wa hospitali. Zamda hakurudi. Maskini Shaban, alikuwa amekikaza vizuri mno.