Akiki ya Mama Yake Talata

Kaka yangu Ghisa ni sonara kama baba, kama babu, na hakuna aliyemwuliza kama anataka. Amekaa mbele ya fuawe tangu utoto, mpaka magoti yake yamefanya sugu kama ya ngamia.

Watu wa Talata, mama wa ukoo wa mabwana, ndio watu wetu tangu enzi za babu. Hatukuwachagua, na wao hawakutuchagua. Mimi nawasuka wanawake wao na kuwashonea mifuko ya ngozi, Ghisa anawafulia mapambo ya fedha, wao wakichinja nasi tunakula. Ndivyo tulivyo masonara hapa Agadez. Familia unayoitumikia ikikuacha, mji mzima unauliza umefanya nini, na hakuna nyingine itakayokuchukua.

Mwaka huu Talata anamwoza Azahra, binti yake wa mwisho. Akamletea Ghisa jiwe jekundu la akiki la marehemu mama yake, alitie kwenye kidani. Ghisa akachonga umbo la nta, akalifunika kwa udongo, akaitoa nta kwa moto, akamimina fedha, akavunja udongo, akapiga tupa mpaka vidole vikafa ganzi. Nyuma akachora nyayo za mbweha, bibi harusi asipotee njia, na jicho la kinyonga, aone mbele na nyuma. Macho ya mchoraji mwenyewe siku hizi yanatoka machozi tu. Akapachika jiwe. Kisha kipete cha juu cha kupitishia uzi kikang'oka.

Kila sonara anajua kwamba kabla ya kukilehemu kwa moto, jiwe unalitoa. Lakini kulitoa ni kuufungua ukingo wote wa fedha unaolishika, halafu uufunge upya. Ghisa alikuwa amechoka. Akalifunika jiwe kwa kitambaa kibichi, akapuliza moto. Likapasuka katikati.

"Ulikuwa unawaza nini?" nikamwuliza.

"Kulala."

"Sasa utalala na njaa."

"Nenda wewe ukawaambie. Wewe ndiye mwenye mdomo."

"Mdomo ninao. Akili tulikuachia wewe, na ona ulivyoitunza."

Nikaenda kwa Talata na chupa yangu ya mafuta. Mtu unayemsuka hawezi kuinuka akuache, kwa hiyo hiyo ndiyo saa nzuri ya kusema.

"Talata, nywele zimepungua. Ulimi je?"

"Ulimi upo. Na wewe una neno, nakusikia unavyonivuta. Liseme, usining'oe kichwa."

"Jiwe la mama yako limepasuka. Ghisa kalichoma."

Nikaendelea kusuka, ila vidole vilikuwa vinakosea njia. Nilikuwa nahesabu nyumba za Agadez ambazo hazingetufungulia mlango.

"Vipande vingapi?"

"Viwili."

"Mama angemtukana mpaka jioni," akasema, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka. "Basi atengeneze hereni kwa hivyo viwili. Kwenye kidani aweke jiwe langu, hili la shingoni. Na binti yangu mkubwa anakaribia kujifungua, mtoto atataka hirizi. Si atanifanyia Ghisa? Nina nani mwingine?"

Nilirudi nyumbani nikitembea kama msichana. Ghisa alikuwa amekaa pale pale, mvukuto kando, moto umezimika. Nikampa jiwe la pili na maagizo yote.

"Hakukasirika?"

"Hata kidogo."

"Hakusema atatafuta sonara mwingine?"

"Kasema hana mwingine. Hereni, kidani upya, na hirizi ya mtoto."

Akaitazama mikono yake.

"Nilidhani safari hii wangeniacha," akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kuzoea wazo la kupumzika."

Nikamkorogea bakuli la kinywaji cha uwele na tende, nikasagia jibini ya mbuzi juu, nikamwambia anywe kwanza. Akanywa nusu. Kisha akaniuliza hereni ziwe na urefu gani, maana shingo ya Azahra ni fupi.