Harufu Niliyokuwa Siisikii

Nakumbuka siku moja mjini Mbarara, mwanangu, mama mmoja mwenye duka la vitambaa alipokichukua kitambaa cha meza nilichokidarizi kwa mikono yangu, akakiinua hadi puani, akakunja uso, kisha akakirudisha polepole juu ya kaunta. Mimi nilidhani hakupenda rangi.

Nakusimulia siku ile kwa sababu nimeona na wewe umeanza kuokota paka. Sikukatazi. Nani angekukataza, mimi niliyeishi nao miaka yote hii? Kaa tu unisikilize.

Nilifika huku Nakivale, kambini kwa wakimbizi, peke yangu. Kwetu ni Kivu ya Kusini, bonde la Ruzizi, na tulipokimbia vita tulikuwa nyumba nzima: baba, mama, kaka zangu, mke wa kaka na watoto wake. Yaliyotukuta njiani sitayasema leo. Itoshe kwamba pale Kabazana, mahali wanapopokelewa wageni kabla ya kupewa viwanja, nilipoulizwa tuko wangapi, nilisema niko mmoja. Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini.

Wiki ile ile paka jike mwenye madoa meusi alikuja akalala juu ya mkeka wangu. Nilimfukuza, akarudi. Nilipopewa kiwanja, nikajenga kibanda cha udongo na kukiezeka kwa turubai, alinifuata. Nikampa jina la Uvira. Alipozaa, watoto wake nikawaita Kiliba, Sange na Luvungi. Wewe hujafika kule, lakini kila mtu wa kwetu angetambua: ni miji ya barabara ile inayotoka Uvira kupanda bondeni. Jioni nilisimama uani nikiwaita waje kula, na kila nilipotaja jina nilijiona niko juu ya lori, nikirudi nyumbani. Majirani walicheka. Sikujali, maana panya walikuwa wamekwisha na mahindi yangu yalikuwa salama, na usiku kulikuwa na pumzi nyingine ndani ya nyumba zaidi ya yangu.

Miaka miwili mitatu ikapita hivyo. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na zamu ya maombi, kila juma kwa nyumba ya mmoja wao. Walikuwa wakija na kwangu. Mama Rehema, aliyetuongoza, alikuwa na sauti ya kuimba iliyofanya hata watoto wa jirani waache mchezo wasogee kusikiliza. Kisha, pole pole, zamu yangu ikaanza kurukwa. Mara mvua, mara mtoto wa fulani anaumwa, mara tukutane kwa Mama Rehema kwa sababu kwake kuna nafasi. Waliokuja kwangu walikaa karibu na mlango na kuaga mapema. Mwishowe hawakuja tena.

Mwanangu, hakuna aliyenitukana. Kanisani walinisalimu vizuri, na nilipokuwa na malaria waliniletea uji, wakauacha kizingitini. Lakini nyumbani kwangu hakuingia mtu. Nilitafuta sababu usiku na mchana. Nikasema ni kwa kuwa sina mume. Nikasema labda wanasema nina balaa, mtu ambaye kwao wamekufa wote. Nikaanza kuwasalimu kwa ufupi, kisha nikaanza kupita njia nyingine nisikutane nao. Nilibaki na sindano yangu, nyuzi zangu, na paka wangu. Kiliba naye alikuwa amezaa, na watoto wake walikuwa wameanza kuzaa.

Vitambaa nilivyodarizi nilivipeleka kwa Hajati Zuhura. Yeye alikuwa mtu wa Bukoba aliyeolewa Mbarara zamani, mjane, mtu mzima, mwenye duka kando ya soko. Ndiye huyo aliyekirudisha kitambaa changu juu ya kaunta.

"Binti yangu," aliniambia, "njoo ndani tuongee."

Alinipeleka nyuma ya pazia, akafunga mlango wa duka kwanza. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alifanya hivyo ili mteja asinikute.

"Una paka nyumbani?"

"Ninao, Hajati."

"Wengi?"

Hakungoja jibu. Akasema, "Kitambaa hiki kinanuka mkojo wa paka. Na cha mara iliyopita kilinuka. Nilikifua nikaona labda ni bahati mbaya. Sasa naona si bahati mbaya, ni nyumba yako nzima. Hata nguo uliyovaa, mwanangu."

Ningependa kukuambia kwamba nilimshukuru. Sikumshukuru. Nilitamani kukimbia. Nilinusa mkono wa blauzi yangu mbele yake. Sikusikia kitu. Pua huzoea, mwanangu. Ukikaa na harufu kila siku inakuwa kama haipo. Anayeisikia ni yule anayetoka nje.

"Watu wako kule hawakukuambia?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipolia. Siyo kwa ajili ya kitambaa. Ghafla niliona wote waliokaa karibu na mlango, na ule uji uliowekwa kizingitini, na mvua zile ambazo hazikunyesha.

Hajati aliniacha nilie. Kisha akanionyesha paka wake, watatu, wamelala juu ya marobota ya kitambaa, na duka halikuwa na harufu yoyote ila ya nguo mpya. Nikamwuliza anafanyaje. Akanipeleka uani kunionyesha mabeseni ya mchanga, mchanga unaochotwa uchafu kila asubuhi na kubadilishwa wote kabla haujaoza.

"Lakini mchanga peke yake hautoshi," alisema. "Dume asiyehasiwa anarusha mkojo ukutani kuwaambia wenzake kwamba hapa ni kwake. Mkojo ule ni mkali kuliko mwingine wote. Utaosha leo, kesho anarudia palepale. Dawa yake ni kumhasi, na majike kuwafunga kizazi. Yuko daktari wa mifugo hapa mjini, ndiye aliyewafanyia hawa wangu. Nitakupeleka."

Nikasema, "Hapana, Hajati. Hilo siwezi."

"Kwa nini?"

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote. "Kwetu tulikuwa wengi," nikasema. "Nimebaki mimi, na mimi sina mtoto. Siwezi kuwa mtu wa kukata uzazi wa kiumbe mwingine. Hata paka."

Hajati alimimina chai, akaisukuma mbele yangu, akaninyooshea sukari. "Sikulazimishi," alisema mwishowe. "Ila vitambaa hivi sivipokei. Nikivipokea kwa huruma nitakuwa kama wale wasiokuambia."

Nilirudi Nakivale na mzigo wangu ule ule. Nilipofika, niliingia ndani, nikapiga magoti na kuweka pua ukutani, nyuma ya kitanda, kama mbwa. Hapo nikaisikia. Juma lile nilifanya kazi kama mwendawazimu. Niliosha kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, nikatoa godoro juani. Nilikuwa nimesimama palepale, brashi mkononi, Sange alipokuja, akageuza mgongo, akatetemesha mkia, akarusha mkojo juu ya godoro lililokuwa bado bichi. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Kisha masika yakaanza. Kiliba alizaa tena chini ya kitanda, na mmoja wa mabinti zake naye akazaa. Watoto wale walianza kupiga chafya. Macho yao yaligandamana kwa usaha, wakawa hawanyonyi. Nyumba ilikuwa ndogo, paka wengi mno, ugonjwa ukapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Niliwafuta macho kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, nikawadondoshea maziwa mdomoni kwa kitambaa. Wakafa. Leo mmoja, kesho wawili. Nilichimba nyuma ya migomba, nikafukia, na mvua ikafukua, nikafukia tena.

Nilipomfukia wa mwisho, Kiliba alikuwa kando yangu, mbavu zinahesabika, anaita. Anaita vile paka anavyowaita watoto wake, sauti ya chini ya kooni. Ukutani nikawasikia Sange na Luvungi wameshaanza kupigana kwa ajili yake. Nikamtazama, nikasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu: "Huu si ukoo. Mimi ninazalisha makaburi."

Basi nikawaweka wanne wangu wa kwanza katika vikapu, nikafunga kwa vipande vya kitenge, nikapanda lori la maharage kwenda Mbarara kupitia Kabingo. Mabinti wa Kiliba na wengine wakubwa waliopona niliwapeleka zamu ya pili. Kwenye lori mtu mmoja alisema, "Angalia mukimbizi, anapeleka paka ku hospitali, na batu hawana dawa!" Wakacheka wote. Alichosema kilikuwa kweli.

Hajati alifunga duka, akaja nami. Daktari alikuwa kijana wa Kinyankole aliyezoea ng'ombe, mikono yake mikubwa, lakini alimshika paka kama yai. "Nyabo, usiogope," aliniambia, akiniita mama kwa lugha yao. "Hii paka napata dawa ya usingizi, hapana sikia kitu." Madume hawakuchukua muda. Kiliba alipasuliwa tumbo, akashonwa. Ila Uvira alikuwa mzee, na daktari alisema wazi: "Huyu mama yao, dawa naweza shinda yeye. Wewe nasema nini?" Nikasema afanye, maana mimba moja zaidi ingemwua kwa vyovyote.

Wengine waliamka. Uvira hakuamka. Tulimpeleka nyumbani kwa Hajati, tukamlaza juu ya kanga kuukuu, nami nikakaa na kiganja changu juu ya mbavu zake, nikihesabu pumzi hafifu. Ilipofika alasiri Hajati alitandika mswala wake pale pale chumbani akasali. Mimi nilifumba macho nikaomba kwa namna ya kwetu. Nilimwambia Mungu kwamba alishachukua vya kutosha. Sidhani kama ni maombi mazuri, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Hajati alipotoa salamu ya mwisho, alikuja akakaa sakafuni karibu yangu, bega kwa bega. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu akae karibu nami hivyo. Paka alipofungua macho, tulikuwa tumekaa hivyo bado, na jua limeshuka.

Nilikaa kwa Hajati hadi vidonda vikakauka. Kisha nikarudi nikabandua udongo wa kuta zote uliokuwa umenyonya mkojo, nikasiliba upya, nikachoma mkeka, nikaweka mabeseni ya mchanga. Harufu haikuisha siku moja, usidanganywe. Madume waliendelea kidogo kidogo mpaka miili yao ilipotulia.

Nikangoja akina mama. Hawakuja. Wangejuaje? Nikangoja tena kwa sababu ya kiburi. Halafu siku moja baada ya ibada nikaenda moja kwa moja kwa Mama Rehema.

"Mama," nikamwambia, "nyumba yangu haina harufu tena. Mukuye muone."

Alishika kinywa. "Ndugu yangu, nani alikuambia?"

"Mama mumoja wa Mbarara. Muislamu. Hata hanijui sana."

Aliinamisha kichwa. "Tulikuwa naogopa kukuumiza. Tulisema, mutu hana mama, hana baba, hana mutoto, tena tumuambie nyumba yake inanuka? Tukasema tumuache tu."

"Na mukaniacha," nikasema.

Hakujitetea. Juma lile alikuja na wenzake wanne, wakaingia mpaka ndani kabisa, wakakaa kitandani, mkekani, kila mahali. Mama Rehema alianzisha wimbo. Nilijaribu kuufuata nikashindwa. Waliimba kwa ajili yangu.

Lakini muda tuliopoteza haukurudi. Mama Rehema alipata safari, akapelekwa nchi ya mbali kuishi, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Hajati alizeeka, watoto wake wakauza duka wakamchukua Bukoba. Nilipofika nikakuta wanauza simu. Uvira alikufa kwa uzee, Kiliba akamfuata, na madume nao. Jioni nyingine bado natoka uani nataja yale majina, taratibu, jirani asisikie.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Paka ni mwenzi mwema, lakini usifuge wengi kuliko nyumba na mikono yako inavyoweza. Dume mhasi mapema, kabla hajazoea kurusha mkojo. Jike mfunge kizazi kabla hajazaa watoto wa kufa. Toa uchafu kila siku, mchanga ubadilishe, mkojo uoshe ukiwa mbichi, na udongo uliounywa ubandue usiufunike. Usiamini pua yako. Mwulize anayekuja kukutembelea, na akikuambia, usimkasirikie mpaka ukamfukuza.

Na ukimwona mtu anakimbiwa na wenzake kwa jambo asilolijua, usimwekee uji kizingitini. Ingia. Funga mlango, kaa naye, mwambie. Atalia, atakuchukia juma moja au mawili. Mvumilie. Kumhurumia kwa mbali kutamwacha peke yake, na upweke wa namna ile, mimi niliyeuonja, simwombei hata adui.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe nyumba safi na viumbe wenye afya ndani yake, akupe watu wa kuingia kwako bila kusita, na wewe akufanye mtu wa kwanza kuingia kwa mwingine. Amina.