Sosi Nyeupe ya Dada Furaha

Mpaka leo nikipita dukani mbele ya rafu ya sosi za saladi, nainamisha kichwa kama mwizi. Chekeni tu, ila mimi ninayecheka hata kanisani, hii sijaweza kuicheka.

Siku hiyo wazazi wa Erik, mchumba wa dada yangu Furaha, walikuwa wanakuja kwetu Hässelby, huku kwa Waswidi, kwa mara ya kwanza, na Mama aliogopa wasije wakatuona watu wa ajabu wakambadilisha mtoto wao mawazo, kwa hiyo pamoja na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki akaandaa saladi (Mama huyuhuyu anayesema majani mabichi ni ya sungura), akanituma: "Kimbia dukani, uniletee ile sosi nyeupe wanayopenda." Nje theluji, ndani mpira kwenye televisheni. Nikafungua friji nikaona kopo la aisikrimu, na nyie mnajua, kwetu kopo la aisikrimu halina aisikrimu kamwe. Ndani kitu cheupe, kizito, kinanuka mayonezi. Nikamimina lote kwenye saladi, nikarudi kwenye mpira.

Mezani mama yake Erik akatafuna polepole. "Ina ladha ya maua," akasema kwa Kiswidi. "Mnaitengenezaje?"

Mama akanitazama. Si ningenyamaza! Lakini huu mdomo wangu: "Ni siri ya Mama, kutoka Bukavu." Yule mama akafurahi, akajiongezea, akamjazia na mumewe.

Ndipo Furaha, aliyekwenda kuongeza wali, akatoka jikoni na kopo tupu. "Nani amechukua dawa yangu ya nywele?"

Kwa kuwa alisema kwa Kiswahili, nikajua tumepona. Kumbe Erik, kwa Jumamosi zote alizokaa akimsubiri asukwe, neno analolijua kuliko yote ni nywele. Akaacha kutafuna. "Mama," akamwambia mama yake taratibu, "weka uma chini."

Dawa yenyewe ilikuwa mayonezi, mayai mabichi na mafuta ya waridi. Wageni walicheka mpaka machozi, na harusi ilifanyika, msiwe na wasiwasi. Lakini Mama hakucheka. Alivuta sahani yake akayala yale majani yote, jani moja moja, macho mezani, kwa kuwa nilishasema ni mapishi yake.

Hakunichapa. Bora angenichapa. Nimeapa akinituma sosi nitakwenda hata theluji ikinifika kiunoni, ila hanitumi tena. Anavaa koti lake, anakwenda mwenyewe.